Doa la Buluu Nyuma ya Nyumba ya Verna

Verna Tindall hajawahi kuiba hata ndoo moja ya maji, na kila mtu kwenye mfereji wa Binnaroo alilijua hilo kabla hawajaamua wote kwa pamoja kulisahau. Hilo ndilo linalochoma. Angesingiziwa na wageni, angetema mate chini na kuendelea na shughuli zake. Alisingiziwa na watu waliokunywa chai jikoni kwake tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Huku Riverina, mashambani Australia, mtu husamehewa mengi. Anaweza kulewa kwenye harusi ya binti wa jirani, akaangukia keki, na Krismasi ikifika akaalikwa tena. Lakini mwizi wa maji hasamehewi. Mfereji ni mmoja. Unatoka mtoni, unaanzia kwa walio juu, unaishia kwa walio chini, na anachokinyonya mtu wa juu kwa siri ni mpunga unaokauka kwa mwenzake wa chini. Kwa hiyo kila mwanachama huagiza maji yake mapema, hungoja zamu, na maji yakifika huyapokea, awe ana mgonjwa au ana maiti ndani.

Kwa Verna ilikuwa maiti kweli. Mumewe Merv alifariki katikati ya majira ya baridi, na siku ya mazishi ndipo maji waliyoagiza pamoja yalipofika. Verna alitoka makaburini na gauni lake jeusi, akavaa buti za mpira, akaenda kufungua lango lake la maji mferejini, akasubiri konde linywe, akalifunga. Dada yake alimkuta huko, tope limefika magotini.

"Verna, una wazimu? Watu wamejaa nyumbani wanakungoja!"

"Nikichelewa, zamu ya Gino inaharibika," Verna akamjibu. "Waambie skonzi ziko kwenye kabati la juu."

Gino huyo ni Gino Baldassin, jirani wa chini yake, mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Ni mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, anayetengeneza divai yake mwenyewe na kuwalazimisha watu waisifu. Yeye na Merv walikuwa chanda na pete. Mshike huyo Gino vizuri kichwani, kwa sababu tutamrudia.

Merv alikuwa mume mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: alikuwa hatupi kitu. Ghala la zamani la mpunga lilipobomolewa pale njia panda, alinunua mabati yake yote, paa na kuta, akayarundika nyuma ya nyumba akisema yatakuja kufaa. Miaka ikapita. Nyoka wakazaa humo, wakazeeka humo. Verna akichoka kuyaona alikuwa akisema, "Merv, siku ukifa nitakuzika na mabati yako," naye akijibu, "Utapata wapi shimo la kutosha?"

Basi alipofariki, ikabidi ufanyike mnada. Kwetu ndivyo ilivyo: mkulima akiondoka, vitu vyake vyote hutolewa nje na kupangwa kwa mistari kwenye konde la nyuma ya nyumba, kuanzia trekta hadi sanduku la misumari iliyopinda, ili watu watembee katikati ya mistari, wapige mateke magurudumu, wazungumzie marehemu, na wanunue. Na mwenye msiba hapangi peke yake. Majirani huja siku chache kabla na kupanga.

Walikuja, tena kwa moyo. Hata Verna, pamoja na hasira zake zote za baadaye, hakuwahi kulikana hilo. Walikuja na pikapu zao, wakabeba matangi, wakavuta majembe ya trekta, wakaufumua ule mlima wa mabati na kuyalaza chini bapa, bati baada ya bati, ili mnunuzi aone lipi limetoboka na lipi zima. Yalifunika konde karibu lote. Gino alibeba mawili mawili begani, jasho likimtiririka, akipiga kelele, "Merv, popote ulipo, Mungu akulaani wewe na takataka zako!" Watu wakacheka, Verna naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ndege ndogo ya wale watafiti ikapita juu yao, chini chini, na Gino akavua kofia akaipungia. Wote wakapunga. Kisha wakala soseji ndani ya mkate na kurudi kazini.

Ile ndege tulikuwa tumeshaizoea. Majira yale ya kuchipua lilikuja kundi la watafiti wa chuo, wakiongozwa na mwanamke mmoja kijana mwenye sauti ya upole, Dakta Nasrin. Ndege yao ilibeba tumboni kifaa cha kusikiliza mawimbi ya maikrowevu yanayotoka ardhini, ili ijulikane udongo una unyevu kiasi gani bila mtu kuchimba. Wenzao walibaki chini, kwenye makonde machache waliyoyachagua, wakidunga udongo kwa vipimo vya mkono ili kulinganisha. Konde mojawapo lilikuwa la Verna, lile la malisho mbele ya nyumba. Aliwaruhusu bila masharti. Aliwapelekea chai na biskuti juani, akawakaripia wasiovaa kofia. Konde la nyuma halikuwa kwenye orodha yao. Ndege ililipitia tu njiani, kama mtu anavyopita uani kwako akielekea kwa mwingine.

Mnada ukafanyika, vitu vikaondoka. Verna aliuza mashine zote, akabakiza nyumba, kondoo jike wake, na lile konde la malisho linalowalisha. Kondoo wale aliwalea kwa chupa mmoja mmoja mama zao walipokufa. "Nina umri wa kutosha kujua ninachotaka," alimwambia dada yake aliyemtaka ahamie mjini. "Ninataka kufa nikiwa natazama kondoo."

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Mto ulishuka, mgao wa maji ukakatwa, ukakatwa tena. Mpunga wa Gino, mwisho wa mfereji, ulikauka ukiwa umeshachanua. Mwanamume yule wa kicheko alionekana amesimama ukingoni mwa shamba lake hacheki. Watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, kila mtu akihesabu maji ya mwenzake kichwani.

Ni katika hali hiyo, kiangazi kikiishia, Dakta Nasrin alirudi kutuonyesha matokeo. Alikuja kwa nia njema. Nia njema, kama unavyojua, haimwagilii mtu shamba. Ukumbi ulijaa. Akawasha mashine, ramani ya wilaya yetu ikatokea ukutani, njano kila mahali, njano ya ukavu, na buluu mtoni na kwenye mifereji. Na katikati ya njano ile, nyuma ya nyumba ya Verna Tindall, doa la buluu, zito, pana, lenye pembe nne kama konde lililofurika.

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

"Samahani, Dakta," Gino akasema, akiinuka polepole. "Hiyo buluu ni nini?"

"Kwa kawaida buluu ni maji," Dakta Nasrin akasema. "Lakini sehemu hiyo hatukuipima kwa mkono, haijakaguliwa, kwa hiyo..."

Hakuna aliyesikia hiyo "lakini." Ukumbi mzima uligeuza shingo kumtazama Verna, aliyekuwa amekaa mstari wa pili na sahani ya skonzi mapajani, skonzi alizowaokea wao.

"Verna," Gino akasema, "hilo ziwa limetoka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kumwagilia konde lile tangu nizaliwe. Hata lango halina."

"Mpira wa kunyonyea maji hauhitaji lango," sauti ikasema kutoka pembeni. "Unautupa juu ya tuta, basi."

"Nani kasema hivyo? Asimame nimwone uso!"

Hakusimama mtu. Verna akaitazama sahani yake, akaifunika, akatoka nayo. Nje akammwagia mbwa wa Gino skonzi zote, kwa kuwa mbwa alikuwa hajamkosea.

Kuanzia siku ile akawa mkoma. Huku kwetu barabara ni ndefu na watu ni wachache, na dereva akikutana na mwenzake huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu yetu nzima. Kidole hicho humaanisha nimekuona, u hai, nami ni hai, twende. Verna akainua kidole chake kwa pikapu ya kwanza, mikono ya dereva ikabaki imeng'ang'ania usukani. Ya pili vilevile. Dukani maongezi yalikatika alipoingia na kuanza tena alipotoka. Mke wa Gino, aliyemlilia Merv kuliko hata dada yake Verna, alijifanya anasoma maandishi ya kopo la maharage mpaka Verna akapita. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: ukaja na ujumbe wa kamati, kwamba kikao kijacho kitapiga kura lango la Verna lifungwe kwa kufuli.

Kufungwa lango maana yake malisho yafe kabla ya baridi. Malisho yakifa, kondoo wanauzwa. Kondoo wakiuzwa, Verna anahamia kwenye chumba cha nyuma kwa dada yake mjini, na jina analoliacha nyuma ni mwizi wa maji, jina litakaloandamana na Merv hata kaburini kwake. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi. Kondoo angewalilia, lakini angelia akiwa na haki yake.

Akampigia simu Dakta Nasrin, wala hakuanza na salamu.

"Wewe ulikula biskuti zangu," alisema, "kisha ukaniita mwizi mbele ya watu."

"Bi Verna, mimi sikusema..."

"Hukusema! Ulionyesha! Uliwaonyesha watu wenye kiu picha ya maji, ukafikiri watangoja maelezo?"

Yule binti akasema, "Una haki. Doa lile niliona halieleweki, nilipaswa kulifuta mpaka nilikague. Nilitaka ramani ipendeze. Kesho nakuja."

Na akaja, safari ya siku nzima kwa gari. Wakasimama wawili kwenye konde la nyuma, lililokuwa vumbi tupu na miiba. Dakta Nasrin akainama, akafukua kidogo kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Sasa niambie kwa lugha ya mkulima," Verna akasema. "Hicho kidude chenu kinaonaje maji?"

"Hakioni, kinasikiliza. Kila kitu chini kinatoa mawimbi kidogo. Udongo mkavu unapiga kelele nyingi, udongo wenye maji unanong'ona. Kikisikia mnong'ono, tunapaka buluu."

"Na kuna kitu kingine kinachonong'ona?"

"Chuma," Dakta akajibu. "Chuma karibu hakisemi kabisa. Kinarudisha tu ukimya wa mbinguni. Lakini paa la nyumba moja ni dogo mno, lisingetoa doa kubwa hivi. Ungehitaji konde zima la..."

Akaacha, maana Verna alikuwa amekaa chini vumbini, gauni na yote, mkono kinywani.

"Mabati," Verna akasema.

"Mabati gani?"

"Ya Merv." Akaanza kucheka, na kile kicheko hakikuwa kizuri kusikia. "Walinibebea wenyewe! Wakayalaza hapa, bapa kama nguo za kuanikwa. Ndege yenu ikapita. Tukaipungia kofia, Dakta. Wote! Gino alivua yake!"

Dakta Nasrin akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari, akatafuta siku ndege ilipopita pale. Ilikuwa ni siku ile ya kupanga. Alitaka kumkumbatia Verna, lakini Verna alikuwa ameshasimama na kujikung'uta vumbi, na uso wake haukuwa uso wa kukumbatiwa.

"Nitawaandikia kamati leo hii," Dakta akasema. "Nitaeleza kila kitu."

"Hapana. Njoo kwenye kikao ukae kimya mpaka nikuite. Ukiwaeleza wewe, watasema sayansi ilikosea. Nataka wajue ni nani aliyekosea."

Kikao cha kamati hufanyika kwa mwenyekiti, ndani ya banda lake la mashine, kwa kuwa lina nafasi na kwa kuwa Gino hupenda kumimina divai yake. Jioni ile hakumimina. Viti vilipangwa, Verna akapewa kimoja peke yake upande wa pili, kama mshitakiwa. Dakta Nasrin akakaa karibu na mlango.

Gino alisafisha koo. "Verna, hakuna anayefurahia jambo hili."

"Mimi nalifurahia," Verna akasema. "Endelea."

"Tumekujua miaka mingi. Merv alikuwa ndugu yangu. Lakini mpunga wangu umekufa, na mashine haina urafiki na mtu. Mashine imeona maji kwako. Kama uliyachukua, sema tu, mwenzangu. Ulikuwa na msiba, akili haikuwa sawa. Tutaelewa."

Hapo ndipo Verna alipopandwa na hasira ya kweli, kwa kuwa kusingiziwa ni jambo moja na kusamehewa usilolitenda ni jambo jingine, nalo ni baya zaidi. Akainuka.

"Gino Baldassin, siku niliyomzika mume wangu, maji yalipofika, nilikuwa wapi?"

Gino akapekua karatasi za kikao.

"Nijibu. Mlikuwa nyumbani kwangu mnakula. Nilikuwa wapi?"

"Kwenye lango," mke wa Gino akasema kwa sauti ndogo kutoka nyuma.

"Kwenye lango! Na gauni la mazishi bado liko mwilini! Ili nani asipoteze zamu?" Hakungoja jibu. "Sasa swali la pili, hili jepesi. Siku mlipokuja kunipangia mnada, ndege ilipita. Nani anakumbuka?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, ndiyo, Gino alipunga kofia. Mwingine akasema wote walipunga.

"Na mkono mwingine wa Gino ulishika nini?"

Mtu akaguna, akitaka kucheka. "Mabati. Yale ya Merv. Mgongo wangu mpaka leo..."

"Yalikuwa wapi hayo mabati?"

"Pale nyuma kwako. Tuliyatandaza konde zi..." Yule mtu akaishia hapo.

"Dakta," Verna akasema bila kugeuka, "waambie hicho kidude chenu kikipita juu ya chuma huwa kinaona nini."

Dakta Nasrin akasimama. "Kinaona maji," akasema. "Na siku kilipopita kwa Bi Verna ndiyo siku hiyo mnayoizungumzia. Nilipaswa kuwaambia mapema. Kosa langu."

"Lake ni dogo," Verna akasema. "Yeye hakunijua. Nyinyi mnanijua. Na hamkuhitaji ndege wala Dakta. Mngejiuliza tu, kwa dakika moja, huyu Verna tunayemjua anaweza? Kisha mngejiuliza, kwani majira yale pale nyuma kulikuwa na nini? Mngekumbuka, kwa sababu mlikiweka wenyewe kwa mikono yenu! Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi kilikuwa jikoni, kinakunywa chai."

Gino alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Sawa," akasema. "Sawa, Verna. Lakini tungejuaje? Mabati yalishaondoka, hakuna aliyekuwa anayaona tena mbele ya..."

"Hakuna aliyekuwa anayaona?" Verna akasema. "Gino, kwenye mnada nani aliyanunua?"

Polepole, kama mtu asiyetaka, Gino akainua macho. Na kamati nzima ikainua macho pamoja naye, mke wake, na Dakta pale mlangoni, kulitazama paa jipya la banda la mwenyekiti: bati baada ya bati, na namba za lile ghala la mpunga bado zikisomeka.

"Ziwa langu hilo hapo," Verna akasema. "Mmekuwa mkinihukumu chini yake."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Kura haikupigwa.

Juma lililofuata maji yake aliyoagiza yalifika. Alifungua lango, akasimama na buti zake kuyatazama yakiingia kwenye malisho, kondoo wakimfuata nyuma wakidhani ana chupa. Mke wa Gino alikuwa ameacha keki kwenye ngazi ya jikoni bila kubisha hodi. Verna aliila, kwa kuwa chakula hakina kosa, na sahani akairudisha ngazini kwao, naye pia bila kubisha.

Akirudi kutoka huko alikutana na pikapu ya Gino uso kwa uso, kwenye barabara ile iliyonyooka ambapo unamwona mtu anakuja kutoka mbali sana. Kwa hiyo Gino alikuwa na muda wa kutosha. Hakuinua kidole. Aliinua mkono wote, akavua na kofia, akaitoa dirishani na kuipunga, vilevile alivyoipungia ndege.

Verna alimwona vizuri. Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani mpaka walipopishana.